Baba Mkwe Kapata Nne kwa Ishirini

Shikamoo Shangazi Kalista. Nimeshindwa peke yangu, naomba uniamulie kabla nyumba haijawaka moto. Mimi ni Mfipa wa Kizwite, mwalimu wa Kiswahili, nimeolewa Chanji kwa Wanyakyusa, na kwao, Shangazi, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawazungumzi, nikisikia kikohozi chake uani naingia ndani, na miaka yote tumeishi hivyo kwa amani. Sasa mwaka huu nimefungua darasa la mtandaoni la watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne, nimelipanga mwenyewe, natoa kazi kwenye programu, wanafunzi wanawasilisha kwa simu, nasahihisha na kuwarudishia humo humo, nikajiona nimefika, mpaka siku nilipokuta kati ya waliojiunga jina la Mzee Stephano, baba mkwe wangu mwenyewe, aliyeishia darasa la saba akaingia kwenye biashara ya mchele. Mume wangu Andwele alipomuuliza, akajibu, "Kwenye simu si hatuonani?"

Basi nikatoa kazi ya barua rasmi, kumwomba mtendaji wa kata ruhusa ya kufanya mkutano, na mzee hakuweka anwani wala tarehe, mkutano hakuutaja kabisa, alimsema mtendaji mwanzo mwisho kuhusu ubovu wa barabara yetu. Nikafuata mwongozo wa kusahihisha ninaoutumia kwa wote, nikampa nne kwa ishirini, nikaandika "Hujajibu swali. Rudia," nikabonyeza Rudisha bila kufikiri kwamba ni saa ya chakula, simu ikalia mezani, mzee hakuwa amevaa miwani, akampa mama mkwe amsomee, naye akasoma kwa sauti mbele ya mashemeji zangu wote, mimi niko jikoni nasikia kila neno.

Toka hapo sina raha. Mama mkwe anauliza tangu lini mke wa mtoto akamwambia mzee hajajibu swali, na Andwele kila nikikaa, "Wini, ni kubonyeza tu, mpe hata kumi na tano, nani atajua?" Mzee mwenyewe anaendelea na mchele wake. Niligoma, Shangazi, nikasema alama hazitolewi kwa ukoo.

Lakini juzi mzee amewasilisha upya, na barua imekaa sawasawa! Anwani mbili, kichwa cha habari, mtendaji anaombwa kwa adabu. Nimejumlisha, nimerudia kujumlisha, inatoka kumi na tano, ile ile aliyoitaja Andwele! Nikiirudisha watasema nimesalimu amri, na mzee atadhani nimemhurumia, kwa hiyo nafikiria kumwekea kumi na mbili ili heshima yangu ya ualimu ibaki. Na chini ya kazi ameandika, "Shikamoo Mwalimu. Nimerudia." Mzee mzima ananiamkia mimi! Nimeiweka simu chini. Nimjibu nini?

Mwalimu Winifrida, Chanji

Marahaba, Winifrida mwanangu. Nimecheka mpaka kanga ikanidondoka, halafu nikafika kwenye hiyo kumi na mbili yako, nikakasirika.

Pole kwa yaliyokupata, lakini ulijitakia. Alama za mtu hazirudishwi wakati ubwabwa unapakuliwa. Na "Hujajibu swali" peke yake ni maneno makavu. Mwanafunzi anaonyeshwa alipokosea, anaambiwa anwani inakaa wapi na ombi linaanzia wapi.

Sasa hiyo kumi na mbili. Uligoma kumwongezea asichostahili, nikakupigia makofi hapa mezani kwangu peke yangu. Muda si muda unataka kumnyang'anya alichokitolea jasho! Hiyo siyo heshima ya ualimu, ni woga wa maneno ya watu, na unataka mzee ndiye aulipie.

Hebu soma barua yako tena. Mama mkwe kalalamika. Mume kalalamika. Aliyepata nne hakulalamika hata kidogo, alivaa miwani akarudia. Angetaka alama za bure angemtuma Andwele mapema. Umemfanya mfanyabiashara aliyezoea kuamuru aandike ombi kwa adabu, na wewe unaweka simu chini? Piga kigelegele, mama, hata kama ni huko huko jikoni!

Fanya hivi. Ile nne usiifute, ibaki pamoja na barua ya kwanza, ili siku mzee akifaulu mtihani aone alikotoka. Kama roho bado inasita, mpe mwalimu mwenzako barua ya pili aisahihishe kwa mwongozo huo huo bila kuona jina, halafu mlinganishe. Andwele mwambie akitaka kumsaidia baba yake, amnunulie bando. Mama mkwe usibishane naye, usimjibu neno.

Na ile shikamoo usiikimbie. Mzee hakumwamkia mke wa Andwele, amemwamkia mwalimu wake, na anasubiri. Uani endelea kuingia ndani ukisikia kikohozi. Darasani mwandikie: "Marahaba, baba. Safari hii umejibu swali. Kumi na tano kwa ishirini."

Halafu bonyeza Rudisha. Na hii, mwanangu, ibonyeze saa ya chakula.