Wekundu Chini ya Kucha

Kiwanjani, Jumanne, Aprili 1982

Bado haitoki. Nimesugua kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga, na chini ya kucha ni nyekundu vile vile.

Mtu wa kanjo, wa baraza la mji, alikuja saa sita mchana, wapangaji wote wakiwa sokoni. Alichora eksi kubwa ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyuma. "Mama, barabara itapita hapa. Nyumba hii itabomolewa," akasema, akaenda zake.

Na Ijumaa Halima, mpangaji wangu, ananinunulia nyumba hii hii, mimi nirudi Meru. Amepanga chumba cha mwisho miaka saba. Ameshauza ngamia wake wawili.

Sikufikiria. Nilikoroga udongo na mavi ya ng'ombe, nikaukandika ukuta rangi ikiwa mbichi. Halima akanikuta hapo hapo.

"Mama Kananu, unakandika peke yako?" Akavua viatu anisaidie. Kisha akaona viganja vyangu, akacheka. "Eh! Umepaka hina? Na wewe mtu wa kanisa!"

Nikacheka pia. Mungu anisamehe, nilicheka.

Tulikandika pamoja mpaka jua likashuka, yeye akiimba. Amesema Ijumaa, tukitoka kuandikiana kwa chifu, atanipaka hina ya kweli, mikono yote miwili, niende nayo Meru nimkumbuke.

Ningemwambia pale pale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, halafu...

Naogopa udongo ukikauka utapasuka. Usipopasuka, naogopa zaidi.