Tikiti Maji Nililopeleka Kajiado

Jumatatu. Upepo umejaza vumbi kwenye nyumba yangu hapa Kitengela tangu asubuhi, na ni jioni hii tu nimepata nafasi ya kuketi.

Asubuhi niliandika habari ya kawaida. Duka moja kubwa la hapa mjini linawaomba wateja warudishe tikiti maji lililouzwa likiwa limekatwa na kufungwa kwenye mabakuli ya plastiki, kwa sababu huenda lina bakteria. Mhariri alitaka kuliondoa neno "huenda". Nikalirudisha. Nikaendelea kueleza kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kuugua kidogo tu, lakini kwa mjamzito hatari ni kwa mtoto aliye tumboni.

Hapo nikaacha kuandika.

Jana nilimpelekea binti yangu Wanjiru mabakuli mawili kutoka duka hilo hilo. Ana mimba ya miezi minane.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia mama mkwe wake, Mama Lemayian, ambaye anaishi naye boma moja nje ya mji wa Kajiado. Hakushika. Nilimaliza habari, nikaituma, nikawasha gari.

Mama Lemayian alikuwa zizini. Sikumpa nafasi ya kunisalimia vizuri. Nilimuuliza kama Wanjiru alikula yale matunda.

Aliangalia chini. "Usikasirike, Mama Wanjiru. Nilipea mbuzi."

"Yote?"

"Yote. Ulitoka tu na gari yako, nikawapea. Msichana akikula vitu tamu saa hii, huyo wa ndani atakuwa kama ndama. Na nani atamtoa, wewe?"

Wamaasai wengi wa umri wake wanaamini hivyo: mimba ikikaribia mwisho, mwanamke apunguziwe chakula ili mtoto awe mdogo na azaliwe kwa urahisi. Tumebishana juu ya jambo hili miezi yote hii, na hata maneno ya daktari hayakumtikisa. Jana alinikaribisha chai, akanishukuru kwa zawadi, kisha akangoja niondoke.

Nilimkumbatia. Alisimama wima kama mti, akisubiri nimalize.

Chanzo kimoja hakitoshi, kwa hiyo nilimuuliza Wanjiru mwenyewe. Alithibitisha kwa hasira. Hata kipande hakuonja, na alikuwa na hamu ya tikiti. Nilipomweleza sababu ya safari yangu alikaa kitako, akashika tumbo.

Mama Lemayian naye alisikia, na sasa anaona ameshinda ubishi wetu. Hakushinda. Alikuwa na bahati, na bahati si ushahidi. Binti yangu anahitaji kula, na mwezi uliobaki ndio mtoto anaongeza uzito.

Lakini leo nimeshukuru, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumapili nitampelekea Wanjiru mayai ya kuchemsha. Sitaondoka mpaka nimwone akimeza.