Komeo la Bweni

Jumba la Baba,
Nyuma ya Posta ya Zamani.
9 Machi

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, shemeji na mapacha? Kifua chako kimepona, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi ni wazima. Shangazi anakula vizuri. Miguu tu ndiyo inayomgomea kwenye ngazi, naye huzitukana ngazi kana kwamba zinasikia.

Nimeshindana muda mrefu na swali moja, na leo nakuletea wewe: je, mtu anaweza kudai kwamba amefungiwa, ilhali mkono wake mwenyewe unalifikia komeo?

Chuo cha ualimu kimeniita nikafundishe, na kinataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ni mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na Shangazi hataki kuhama. Nilipomgusia jambo hilo aliniuliza, "Na wavulana wakija watapokewa na nani? Na wewe na hiyo miwani yako?"

Unakumbuka Baba alivyolinunua jumba hili kwa warithi wa yule tajiri wa kale, akitaka kulifanya shule ya bweni ya wavulana. Dari za kuchongwa aliziacha kama zilivyokuwa. Akatia nondo madirishani, na makomeo nje ya milango ya mabweni, wasije wakatoroka. Akamwita dada yake awe matroni. Mkaguzi akakataa kutoa kibali: moto ukizuka, watoto watatokea wapi? Baba alifariki akiwa bado anabishana naye. Hakuja mvulana hata mmoja. Nyuma ya nondo tulibaki sisi.

Tangu mvua zilipoanza, Shangazi amerudi kazini. Kila jioni hupita ukumbini akishika ukuta, akifunga bweni moja baada ya jingine, na langu likiwemo, nami nikiwa ndani. Asubuhi hunifungulia. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilianza kukosa pumzi.

Juma lililopita nilimwita seremala alihamishe komeo langu, likae ndani. Shangazi alimsimamia kichwani.

"Wewe kijana, laza kwanza wavulana arobaini, ndipo uje unifundishe komeo linakaa wapi!"

"Mama, mimi wangu wawili tu wamenishinda."

Alicheka, akamwacha amalize.

Jioni ile nilimsikia akifika mlangoni. Kiganja chake kilipapasa ubao, juu, chini, juu tena. Hakuniita, wala hakuondoka. Nilikaa kitandani nikingoja achoke, hakuchoka. Mwishowe niliinuka nikalisukuma komeo kwa ndani, kwa kishindo, ili alisikie.

"Haya, wanangu, laleni," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya hivyo kila jioni.

Najua utashauri tumtafutie mtu wa kukaa naye, na huenda uko sahihi. Lakini sijakijibu chuo, na sina hakika tena kwamba sababu ni yeye. Jana usingizi ulimchukua mapema, hakuja mlangoni. Nililifunga komeo vilevile. Ndiyo maana swali langu limebaki bila jibu: shahidi pekee ni mimi, na shahidi huyu simwamini.

Nisalimie shemeji, mapacha, na Mjomba Redio akipita kwako na habari zake zisizokwisha. Mungu awape afya na njia nyeupe. Shangazi naye anawasalimu sana. Anauliza kama mapacha wamefika umri wa kuja bweni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.