Mwisho wa wimbo ya Patient

Mardi, siku ya pili, mangaribi

Kusema kweli, ule mwenye aliniandikia hakunitukana. Ni mutu mumoja tu mwenye alisikiliza miziki yangu yote, ile natengeneza na sauti za michezo ya zamani ya video ya televizyo na kuiweka mwenyewe ku internet. Aliandika kwa upole: bass, ile sauti nzito ya chini, iko juu sana, inafunika sauti zingine. Na wimbo ya mwisho inakatika gafula, niitafutie mwisho.

Bass nilishusha leo asubui. Ule mutu iko na haki.

Lakini ile ya mwisho ni wimbo Patient alikuwa anapiga muluzi akifua nguo. Kaka yangu alitoka hapa Bukavu wakati wa vita, na mpaka leo hatuna habari yake. Mimi nilikuwa najua mwanzo tu.

Maman alinikuta naisikiliza tena na tena.

"Walikuandikia nini?"

"Mutu mumoja anasema wimbo ya Patient haina mwisho."

Aliendelea kuchambua sombe, majani ya mihogo. Kisha akasema: "Iko nayo. Alikuwa anaimalizia kule ku kamba ya nguo, akianika." Akaiimba polepole, mudomo umefungwa, bila kuniangalia.

Nilifikiri nitalia. Hapana. Sijui niko na nini siku hizi, hata ku misa naimba tu kama radio, bila kusikia kitu ndani. Nilitafuta zile noti za muziki ku ordinateri, kompyuta yangu, moja moja, mpaka zote zikaingia. Nikamusikilizisha.

"Iko ile ile," Maman alisema.

Akafuta macho yake na kitenge. Yangu ilikuwa makavu.