Kiporo cha Baba

Jumanne, 9 Juni

Uji tena. Vijiko viwili, cha tatu kakitema kwenye kanga yangu. Nimefua kanga, nimefua shuka, nimefua tena kanga. Mgongo hauna hamu na mimi.

Baba ametoka hospitali wiki ya pili sasa. Kifua kimepona, lakini hamu ya kula kaiacha hukohuko wodini. Jumatatu daktari anampima uzito. Ukishuka tena, analazwa. Baba ameapa halazwi tena, atafia nyumbani kwake. Kalisema hilo kwa utulivu kabisa, na mimi nikazidi kuogopa.

Samaki hataki. Mchuzi wa kuku hataki. Nikamuuliza kwa ukali, anataka nini basi? Wali wa Wachina.

Nilidhani homa imerudi.

Jumatano, 10 Juni

Si homa. Barabara yetu hii ya Kibiti ilipokuwa ikijengwa, mimi bado msichana, Baba alikuwa msaidizi jikoni kwenye kambi ya Wachina. Mpishi wao ndiye aliyemfundisha kukaanga wali. Baba alikuwa na karai lake peke yake na mwiko wake peke yake, kwa sababu ya nguruwe. Hadithi hii nimeisikia mpaka nimeichoka. Sikujua kwamba ipo siku nitatakiwa kuipika.

Nimepika. Mchele mpya wa Chumbi, unanukia nyumba nzima. Mkono ukakuna nazi wenyewe, kichwa kimekuja kukumbuka tui liko sufuriani tayari. Nikauepua wali ungali wa moto, nikaumwaga kwenye karai juu ya vitunguu, karoti na mayai. Ukawa bokoboko. Baba ameitazama sahani, akafumba macho. Nimeula mwenyewe, nimesimama, kwa hasira.

Alhamisi, 11 Juni

Baba amenielekeza, anapumzika kila baada ya maneno matatu. Mchele wa zamani, maana mpya una maji mengi. Nazi hapana. Maji na chumvi tu. Upikwe leo, utandazwe upoe, ukaangwe kesho.

Yaani kiporo.

Kiporo tunakula wenyewe asubuhi na chai, mlango umefungwa. Mgeni hapewi. Mgonjwa ndiyo kabisa. Nimemwambia Baba hivyo, akageukia ukutani.

Mchele wa mwaka jana nimeupata kwa jirani. Kanicheka, watu wanavuna mpya mimi naomba wa zamani. Nimeupika alasiri, nikautandaza kwenye sinia, nikaufunika kawa. Karoti nimezikata leo leo. Kesho sitakuwa na nguvu.

Ijumaa, 12 Juni

Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, kaja kutoka Dimani asubuhi kumjulia hali. Mimi namwogesha Baba, yeye kafunua kawa, kanusa, kawamwagia kuku wali wote. Anadhani amenisaidia.

"Kaka yangu miye ale kiporo? Kwani hana watu?"

Nikaeleza habari za Wachina. Afadhali ningenyamaza. Baada ya sala ya Ijumaa wamekuja wanawake wa mtaani, Shangazi akawaambia mbele yangu kwamba nimemchoka baba yangu.

Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Namchoka. Naamka nimemchoka, halafu namwogesha, namgeuza, namfulia. Sijui kama Mungu anaandika lile la kwanza au haya mengine.

Baba leo: chai nusu kikombe.

Jumamosi, 13 Juni

Shangazi hajaondoka. Asubuhi kampikia kaka yake ubwabwa, kaukorogea sukari, kamlisha kwa mkono wake. Baba kafunga mdomo kama mtoto. Shangazi kabembeleza, katishia, kambembeleza tena. Mwisho nimemkuta nyuma ya choo analia, upande wa kanga mdomoni ili asisikike.

Nilitaka kumwambia, umeona? Nimemletea maji. Ndipo nikamweleza habari ya Jumatatu, mzani na kulazwa. Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Alasiri nimepika wali mwingine. Sinia nimelificha juu ya kabati chumbani kwangu. Mtu mzima, naficha wali nyumbani kwetu.

Jumapili, 14 Juni

Saa sita nimetoa sinia. Shangazi kaliona. Nikasubiri maneno. Akaangalia jiko langu la mkaa, akasema moto huu hauwezi kukaanga kitu. Akaenda uani, akapanga mafiga, akawasha kuni. Wali wenyewe hakuutazama.

Moto mkali kweli. Mayai kwanza, yakatoka. Vitunguu, saumu, karoti, hoho. Kisha wali. Safari hii ukaachana punje kwa punje, ukawa unaruka karaini. Soya sosi kidogo, mayai yakarudi.

Baba kaketi mwenyewe, bila kushikwa. Kaonja. Karoti kubwa mno. Kaonja tena. Saumu imeungua. Chumvi imezidi, soya haikutosha, Mchina angenifukuza kazi. Kila kijiko na kasoro yake, mpaka sahani ikaisha. Shangazi kashika kikombe cha maji muda wote.

"Si wenyewe huu," Baba kasema. "Kesho jitahidi."

Nilitaka kufurahi, nguvu sina. Nimekaa chini palepale kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mzani wa kesho sijui utasema nini. Sahani moja si kitu.

Alasiri Shangazi kachukua mchele uliobaki, kaupika kwa maji na chumvi, kautandaza kwenye sinia, kaliweka sebuleni juu ya meza. Wageni walipoingia wakauliza, huo ni wa nani?

"Wa kaka," kawajibu. "Kiporo chake cha kesho."

Mimi nikaenda kulala.