Nilimwongezea Mchumba Wangu Mchanga

Shangazi Philister mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni fundi wa viti hapa Dagoretti Corner, na mchumba wangu Nakhumicha anasomea shahada ya pili, kazi yake ni kuinamia hadubini akichambua matope yaliyotolewa na meli kilindini mwa bahari, anatafuta vigamba vya vijidudu vilivyokufa maelfu ya miaka iliyopita, vidogo kama punje ya chumvi, anavidokoa kimoja kimoja kwa ncha ya brashi, na kwa aina zao anajua kama enzi hizo bahari ilikuwa na joto au baridi. Husema matope hayadanganyi, nami humpenda zaidi akisema hivyo. Sasa juzi alichoka akaniambia, "Aki Omollo, hii sahani ya matope haina kitu, nitapelekea prof nini?" nikaumia moyo, na kwa kuwa nilikuwa nimepeleka meza Mombasa nikarudi na mchanga wa ufuoni wenye vigamba tele, siku nilipomfuata maabara, alipotoka kuchemsha chai, nikamnyunyizia kidogo kwenye ile sahani ili afurahi. Akafurahi kupita kiasi! Alinipigia simu akipiga kelele, "Kuja uone! Hizi ni za ufuoni, zilifika aje huko chini? Kuna kitu kubwa ilifanyika!" na Ijumaa anawaeleza walimu wake kwamba hapo kale ufuo uliporomoka hadi kilindini, kumbe ufuo ni mimi. Nikisema ataniacha, nikinyamaza ataaibika, na Desemba nilikuwa nimpeleke kwa mama.

Omollo

Omollo mwanangu, nimecheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Moyo wako ni mzuri, ila mikono yako haitulii. Mtu akikunyunyizia vumbi la mbao kwenye vanishi mbichi ati kitanda kipendeze, utamshukuru? Msichana wa watu anasoma hali ya hewa ya kale kwa punje, wewe ukamtilia uongo humo humo, na sasa ameujengea nyumba.

Usimtumie SMS, wala usijifiche nyuma ya keki. Nenda leo kabla hajafunga maabara. Mbebee mchanga uliobaki, umwambie uliuzoa wapi na uliutia sahani ipi. Akiutazama ataona vigamba ni vile vile, na sahani hiyo ataitupa aanze nyingine. Atakununia, tena sana. Vumilia, na usijitetee kwamba ulifanya kwa mapenzi, hilo analijua. Msubiri nje umsindikize nyumbani kama kawaida.

Afadhali akulilie wewe leo kuliko awalilie walimu Ijumaa. Aliyapenda matope yale kwa sababu hayadanganyi. Ukitaka akupende nawe mpaka Desemba na baadaye, anzia hapo.