Rangi Nyekundu Ndani ya Bomba

Mume wangu,

Hapa tu wazima, ila paa la jikoni limeanza tena kuvuja. Mama yako bado anasema chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe, lakini birika analimaliza. Kitindamimba wetu ameng'oka jino la mbele. Amelihifadhi akuonyeshe.

Kazini ni yaleyale. Juzi tulimaliza kusukuma petroli kuja huko kwenye matangi yenu. Kabla ya kufuatisha dizeli, tukaingiza kile chuma cha kusafishia bomba, kinachosukumwa na mafuta mpaka kwenu. Nilichukua rangi nyekundu nikakiandika ubavuni: "Umekula?" Fundi mkuu aliniona, akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, mafuta yataiosha hiyo rangi kabla hata hujafika nyumbani."

Kana kwamba sijui! Miaka yote hii nasukuma mafuta.

Huyohuyo fundi ndiye aliyeropoka, akidhani unaniambia mambo yako, kwamba shirika lilikupa uhamisho wa kurudi kituo chetu, nawe ukaukataa. Mama yako sijamwambia. Na sikuulizi huko kuna nani.

Ila chuma hicho kikifika, kigeuzegeuze kabla hamjakiosha. Ukiona hata doa moja jekundu, ujue nilikuuliza kama umekula.

Jibu usilitume kwa njia hiyo. Bomba letu linakuja kwako tu, halijawahi kurudisha kitu huku. Wa kurudi hupanda basi, na basi lipo kila asubuhi.

Ni mimi mkeo,
ninayesukuma.